Endelea Hivyo Hivyo

Kama gazeti la Jumapili iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa kifupi, maana aibu yangu haina haja ya kurudiwa yote.

Mimi ni Josephat Masele, mwalimu wa masoko katika chuo kimoja cha biashara huku Buswelu. Nilikueleza nilivyokuwa nafundisha vyuo vitatu kwa siku moja, asubuhi Nyegezi, mchana mjini, jioni Buswelu, kwa notsi zile zile, mifano ile ile, hata utani ule ule. Nilikueleza pia nilivyochukua posho ya kwenda Ukerewe kukagua wanafunzi walioko fildi, nikasaini fomu kwamba nimekwenda mara tatu, na posho ile ikaezeka choo changu. Nansio, mji wa huko, sijakanyaga mwaka wa tatu huu.

Niliishia pale simu ilipolia katikati ya kipindi.

"Mwalimu Masele?"

"Ndiye."

"Napiga kutoka polisi, Nansio. Unamfahamu Nusrat Nurudin?"

Darasa lilikuwa na watu mia moja na kumi na wawili, wote wananitazama. Nikatoka nje. Jina nililijua kwa sababu liko kwenye orodha ya mahudhurio. Sura haikunijia.

"Ni mwanafunzi wangu, afande. Amefanya nini?"

"Alikuwa fildi kwenye ghala la dagaa la mfanyabiashara anaitwa Mayala. Dagaa wa ghala hilo wameliwa shule moja ya bweni. Watoto arobaini na mmoja wamelazwa. Mmoja, wa darasa la nne, amezikwa jana."

"Na huyo Mayala?"

"Ameshavuka maji, haonekani. Aliyebaki ni binti. Jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kila boksi, Mfungashaji Nusrat N."

"Afande, huyo ni mtoto wa chuo tu."

"Ndiyo maana nakupigia. Anasema yote alikuandikia. Anasema wewe ndiye ulimwambia aendelee."

Nikacheka kidogo, kama mtu aliyesingiziwa. "Amechanganyikiwa huyo. Sijawahi kuandikiwa kitu na binti yeyote."

Naapa kwako, ndugu msomaji, wakati natamka hayo niliamini nasema kweli.

Sasa nikueleze habari ya kitabu cha fildi, maana bila hicho hutanielewa. Mwanafunzi wa biashara kabla hajahitimu anapelekwa wiki nane mahali pa kazi. Kila wiki anajaza ukurasa mmoja: amefanya nini, amejifunza nini, amekutana na tatizo gani. Mwenye kazi anapiga mhuri wake. Chini kabisa kuna mistari miwili ya msimamizi kutoka chuoni. Utaratibu unasema msimamizi aende, aone kazi, akae na mwanafunzi, ndipo aandike. Sisi tulikuwa tunaandikia mezani. Si mimi peke yangu, lakini leo sijaja kuwasema wengine.

Wanafunzi wa Ukerewe walikusanya vitabu vyao baada ya wiki ya nne, wakavituma kwa meli. Nilivipokea nikiwa mgahawani pale stendi ya Nyegezi, nakunywa chai huku naangalia saa. Ukijumlisha na vya wanafunzi wengine vilikuwa thelathini na vinne. Nilivisaini vyote kwa chai mbili na chapati mbili. Nilikuwa na maneno yangu ambayo mkono uliyaandika wenyewe: Kazi nzuri. Endelea hivyo hivyo. Saini. Ukurasa mwingine.

Fildi ilipoisha vitabu vikarudi kusahihishwa. Nusrat nilimpa sabini na nane. Usiniulize kwa nini haikuwa sabini na saba.

Baada ya ile simu sikurudi darasani. Nilikwenda ofisini, nikavuta boksi la vitabu chini ya meza, nikapekua mpaka nikakiona. Alikuwa amekifunga kwa karatasi ya kaki kama mtoto wa shule ya msingi, na jina ameliandika kwa rula. Nikakaa sakafuni.

Wiki ya kwanza alijifunza kupanga madaraja ya dagaa. Wiki ya pili alibuni lebo. Ukurasa wa wiki ya tatu ulikuwa na doa la mafuta, dole gumba langu limetoka lote na mistari yake. Pembeni ya doa alikuwa ameandika:

"Mwalimu, mvua ya Jumanne imelowesha magunia sitini. Dagaa wametoa harufu na wameingia wadudu. Bosi amepuliza dawa ya kuua wadudu wa pamba, sasa anataka niwafungashe dagaa hao kwenye pakiti mpya za daraja la kwanza. Darasani ulitufundisha kwamba kifungashio ni ahadi kwa mnunuzi. Naona hii si halali ila sina uhakika. Naomba mwongozo wako, niendelee au niache?"

Chini yake, kwa peni nyekundu, mwandiko wangu mimi: Kazi nzuri. Endelea hivyo hivyo.

Nikasoma tena. Nikafunika lile jibu kwa kiganja kama vile likifunikwa halitakuwepo.

Wiki ya tano aliandika mstari mmoja tu: "Nimepokea mwongozo wa mwalimu, nimeendelea." Wiki ya sita: "Mikono inababuka kwa ile dawa. Bosi amesema nivae soksi mikononi." Wiki ya nane: "Tumepata mteja mkubwa, shule ya bweni. Bosi amefurahi. Mimi sijafurahi, ila sijui kama hilo linaandikwa humu."

Kifungashio ni ahadi. Maneno hayo nimeyasema darasani miaka kumi na moja, na sikuwahi kufikiri kuna mtu anayaamini. Katika watu mia moja na kumi na wawili alikuwepo mmoja aliyesikiliza, na huyo ndiye aliyekuwa mahabusu.

Mkuu wa chuo akanifuata mwenyewe ofisini. Huyu ni Mama Wilhelmina, mwanamke mpole wa sauti, na mimi nilimwogopa kwa sababu ya upole huo. Alifunga mlango, akaniona nimekaa chini, hakuuliza kwa nini.

"Polisi wamenipigia na mimi," akasema. "Kitabu kiko wapi?"

"Hiki hapa."

Akakisoma akiwa amesimama. Alikisoma vizuri, ukurasa kwa ukurasa, kuliko mimi nilivyowahi kusoma kitabu cha mwanafunzi yeyote. Kisha akakaa kwenye kiti changu.

"Wakaguzi wa ithibati wanakuja Alhamisi, Masele."

"Najua, mama."

Kila mtu alijua. Wiki nzima tulikuwa tunapika mafaili. Maktaba ilikuwa imeazima vitabu mia tatu kutoka chuo kingine, na vijana walikuwa wanabandika lebo zetu juu ya mihuri ya wenyewe. Kwenye orodha ya walimu kulikuwa na madaktari wanne, wawili wako Dodoma, mmoja alishastaafu, na mmoja sijui hata kama bado yupo duniani.

"Ulikwenda Nansio mara tatu," akasema. "Fomu zako ninazo. Kama ulikwenda, basi uliona dawa inapulizwa ukamwambia binti aendelee. Kama hukwenda, basi umekula posho na umesaini uongo. Lipi kati ya hayo utawaambia polisi?"

Katika miaka yangu yote pale, hilo ndilo somo pekee lililofundishwa likaeleweka mara moja.

"Liko la tatu," akasema. Akatoa kwenye mkoba kitabu kipya cha fildi, kitupu. "Hivi vyote vimechapwa sehemu moja, vinafanana. Wiki ya tatu binti alijifunza kupanga bidhaa kwenye rafu. Hakuna mvua wala dawa. Wewe ukaandika kazi nzuri, na ilikuwa kazi nzuri kweli. Wakaguzi wakishaondoka nakupa ukuu wa idara, na mkataba wa kudumu."

"Kila ukurasa una mhuri wa Mayala, mama."

"Mihuri inachongwa. Usinifanye nikufundishe kazi."

"Na binti?"

"Binti atapata wakili." Alisema hayo akitazama dirishani. "Wanafunzi mia sita wanasoma hapa, Masele. Wengine wazazi wao wameuza ng'ombe. Chuo kikifungwa, vyeti vyao ni vya kufungia karanga. Wewe nenda kapime mwenyewe, mmoja au mia sita."

Ningependa kukuambia kwamba nilipima. Sikupima chochote. Niliwaza choo changu na bati zake, nikawaza mke wangu atakavyonitazama, nikachukua kile kitabu kitupu.

Kesho yake, Jumatano, mzee mmoja alibisha hodi ofisini. Alivaa kanzu, na tepu ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Nadhani habari zilimkuta kwenye cherehani na tangu hapo hajakumbuka kuivua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mimi naitwa Nurudin, fundi cherehani wa pale Nansio. Ni baba yake Nusrat. Samahani nimekuja bila taarifa."

"Pole sana, mzee wangu. Karibu ukae."

"Nimeshapoa. Binti amenituma." Akakaa pembeni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua. "Anasema kuna kitabu. Anasema humo aliuliza, na wewe ulijibu ukasaini. Afande amesema kitabu kikipatikana mambo yanabadilika, maana aliyeuliza si sawa na aliyeficha. Ijumaa wanampeleka mahakamani."

Kitabu cha kweli kilikuwa ndani ya begi langu chini ya meza. Kisigino changu kilikuwa kinaligusa.

"Na nikwambie jambo, mwalimu," akaendelea. "Wiki ile Nusrat alitaka kuacha. Alirudi nyumbani analia. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamuuliza, umemuuliza mwalimu wako? Akasema nimemuuliza kwenye kitabu. Nikamwambia basi subiri jibu. Jibu likaja na meli, tukalisoma wote wawili sebuleni. Endelea hivyo hivyo. Nikamwambia, mwalimu amesoma kuliko ukoo wetu mzima, wewe ni nani umbishie?"

Akashika ncha ya tepu yake, akaivingirisha kidoleni, akaivingirua.

"Sikulaumu. Nilijua lazima una sababu ambayo sisi wengine hatuijui. Ndiyo nimekuja niijue."

Nilikuwa na nafasi pale. Hakuna polisi, hakuna mkuu wa chuo, ni mimi na baba mtu tu. Ningeinama nikafungua begi, yangekuwa yameishia hapo, na wewe usingekuwa unasoma habari hizi.

"Kitabu sijakiona, mzee," nikasema. "Vingine vilipotea kwenye meli."

Hakubisha. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi nitasubiri hapo nje. Pengine kitapatikana."

Akaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi, mgongo wima, mfuko wake wa rambo mapajani. Mimi nikaingia stoo ya mitihani, nikafunga mlango kwa ndani, nikaanza kunakili. Nusrat anaandika herufi za duara, kila mkia wa herufi umekamilika. Mkono wangu uliuma. Niliandika rafu, niliandika wateja, niliandika "nimejifunza umuhimu wa kujali muda". Nilipofika chini ya ukurasa nilibadilisha peni nikachukua nyekundu, nikaandika yale maneno yangu, na safari hii nilisoma kila herufi.

Mchana mlango ukagongwa.

"Mwalimu," ilikuwa sauti ya mzee. "Adhana imelia. Naomba uniangalizie mfuko wangu, narudi sasa hivi."

Nikafungua kidogo, nikaupokea. Haukuwa umefungwa. Juu kulikuwa na khanga na ndala za kike, na mche wa sabuni. Vitu vya kupeleka mahabusu. Nikauweka mezani katikati ya vile vitabu viwili, nikaendelea kunakili. Aliporudi nikamrudishia, akanishukuru.

Nilimaliza alasiri, nikakifunga kwa karatasi ya kaki kama cha kwanza, nikampelekea mkuu akipige mihuri yake ya kuchonga. Siku nzima niliitumia kukiandika upya kitabu ambacho nilikataa kukipa hata dakika tano za kukisoma. Kitabu cha kweli nilitakiwa kukichoma. Nilikwenda nacho mpaka kwenye shimo la takataka nyuma ya jiko, nikasimama hapo na kiberiti. Sikuweza. Usinisifu, si kwamba nilipata ujasiri. Nilikiogopa tu, nikakirudisha kwenye begi.

Alhamisi asubuhi wakaguzi wakafika, watatu, wakapelekwa maktaba. Saa nne ikaingia gari nyingine ambayo haikuwa kwenye ratiba. Akashuka afande mmoja mwanamke aliyevaa nguo za kiraia, na nyuma yake msichana mwembamba mwenye mtandio mweusi, mikono imefungwa pingu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebabuka, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu.

Ndipo sura ikanijia. Alikuwa anakaa safu ya mbele, upande wa dirishani. Alikuwa anaandika kila nilichosema, hata utani.

Mzee Nurudin akasimama kutoka kwenye benchi lile lile la jana. Afande akamruhusu aingie naye. Tukawa watano ofisini kwa mkuu wa chuo, begi langu katikati ya miguu yangu.

"Shikamoo mwalimu," akasema Nusrat.

Na pingu mikononi, bado alinisalimia. "Marahaba," nikajibu.

"Afande, bahati nzuri kitabu kimepatikana," akasema Mama Wilhelmina kwa ule upole wake. "Kilikuwa kimechanganyika na vya mwaka jana. Mtaona wenyewe, hakuna swali lolote humo. Kijana amefanya fildi yake vizuri, mwalimu amesaini, basi. Yaliyotokea baadaye chuo hakina habari nayo."

Mzee Nurudin aliposikia kimepatikana, uso ulimng'aa. Alinigeukia mimi kunishukuru. Kisha akaelewa maneno yaliyobaki, na ule mng'ao ukatoka taratibu, na macho hakuyaondoa kwangu.

Afande akafunua, akasoma wiki ya tatu, akakisogeza mbele ya Nusrat. "Binti, hiki ndicho kitabu chako?"

Nusrat akainama. Akafunua kwa ncha za vidole, pingu zinagonga meza. Akafika wiki ya tatu, akapitisha kidole pembeni mwa ukurasa, akitafuta kitu. Akafunua mbele, akarudi nyuma, akatafuta tena.

"Changu kilikuwa na doa la mafuta hapa," akasema, kwa sauti ndogo.

"Doa?" akauliza afande.

"La kidole. Kilirudi nalo kutoka kwa mwalimu."

Mama Wilhelmina akatabasamu. "Afande, tutamaliza siku tukitafuta madoa. Wakaguzi wananisubiri."

"Binti, nijibu," akasema afande. "Ndiyo au hapana. Hiki ni chako?"

Msichana hakumtazama afande. Hakumtazama mkuu wa chuo wala baba yake. Alinitazama mimi, na hakukuwa na hasira yoyote machoni mwake. Ningemshukuru Mungu kama ingekuwepo. Alinitazama vile vile alivyokuwa akinitazama kutoka safu ya mbele, peni mkononi, akingoja niseme ili aandike.

"Mwalimu," akasema, "naomba mwongozo. Nijibu nini?"

Vidole vya mzee vilikuwa vimeikamata ile tepu ya shingoni, pande zote mbili.

Nikainama. Nikatafuta zipu ya begi, nikaipata, nikaivuta nusu. Karatasi ya kaki ikaonekana.

Chini ya meza, bila kubadilisha uso wala kuacha kutabasamu, Mama Wilhelmina akanyoosha mguu, akakanyaga begi.